Likizo hii ya Juni waonyesheni watoto Nge: uzi wa nyota kwa wenye watoto wadogo

MwalimuWaAwali (mleta mada)

Wadau, habari za jioni.

Shule zinafungwa. Baada ya siku mbili tatu mtaanza kulalamika humu kwamba watoto wameng'ang'ania katuni na simu zenu hazikai na chaji. Nina shughuli ya kuwapa isiyo na ada wala bando: nyota.

Nafundisha darasa la awali kijijini, mkoa wa Dodoma. Huku kuanzia Juni mvua hakuna, mawingu ni ya kubahatisha, na usiku Njia Nyeupe inaonekana yote. Watoto wa miaka minne, mitano, wanazipenda nyota kuliko tunavyodhani. Kinachowachosha ni namna tunavyowaanzishia. Mzazi ananunua bango lililochorwa Ulaya, anamwonyesha mtoto Nyota ya Kaskazini, halafu wanatoka nje kuitafuta. Haipo. Haionekani Dodoma, Dar wala Mbeya, hata ukipanda juu ya mbuyu, kwa sababu tuko kusini ya ikweta na nyota ile iko chini ya upeo wa macho usiku kucha, mwaka mzima. Bango la namna hiyo nimelikuta hata ukutani shuleni. Mtoto anaondoka na somo moja tu: nyota ni mambo ya kitabuni.

Hoja yangu ni fupi. Anza na kilicho juu ya uwanja wenu saa mbili usiku, mwezi huu. Umbo moja tu. Mrudie hilo hilo wiki nzima, na wiki inayofuata, mpaka mtoto atoke mwenyewe na kulinyooshea kidole bila kuulizwa. Watoto wadogo hawachoki kurudia. Tunaochoka ni sisi, ndiyo maana tunakimbilia kuwatajia makundi kumi usiku mmoja.

Juni hii umbo lenyewe ni Nge. Saa mbili usiku geukia mashariki, kisha sogeza macho kusini kidogo. Utaona nyota nyekundu inayong'aa, ina nyota mbili hafifu ubavuni, moja huku na moja huku. Huo ni moyo wa Nge. Jina lake la kitaalamu ni Antares. Juu yake kuna nyota tatu zimejipanga mstari, hapo ndipo kichwa kilipo. Chini yake mstari wa nyota unashuka kuelekea ardhini, unapinda, unajikunja, na mwisho kabisa kuna nyota mbili zimekaribiana sana. Mwiba huo.

Katika makundi yote ya nyota sijaona linalofanana na jina lake kuliko hili. Simba unahitaji kuambiwa ndipo umwone. Mizani hata ukiambiwa huioni. Nge hahitaji maelezo, hasa kwa watoto wa huku ambao kila asubuhi wanakung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Giza lenyewe liko upande wetu. Mwaka mzima, ikifika saa mbili usiku, anga la huku limeshaiva, na mtoto wa miaka mitano bado hajaenda kulala. Zima taa ya barazani, laza simu kifudifudi, tandika mkeka, kaeni kama dakika ishirini macho yazoee. Kama lazima uwe na tochi, ifunge kitambaa chekundu.

Kesho yake mchana ndipo penye utamu. Wape kokoto wampange Nge chini kwa kumbukumbu. Usiwasahihishe. Jioni watatoka kuhakiki wenyewe na kugombana mkia unapinda upande gani. Mwenye kopo la maziwa ya unga atoboe kitako chake kwa msumari, aweke tochi ndani, amulike ukutani chumba kikiwa na giza. Ila ukitoboa kwa nje mchore Nge kinyume, kushoto kuwe kulia, la sivyo ukutani mkia utapinda kusikokuwa kwake na watoto watakuumbua.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

Chizi_Maarifa_wa_Ubungo

Mwalimu, nyota ya mwanangu nahisi imechukuliwa na shangazi yake. Hilo nalo unalo kopo lake?

MwalimuWaAwali

Hiyo ipeleke jukwaa la tiba asilia mkuu. Hapa tunaongelea zile ambazo shangazi hazifikii.

BabaWawiliTabata

Mwalimu, uzi mzuri, ila wengine tunaishi Dar. Mtaani kwangu kuna taa za barabarani, taa za baa, na jirani ana taa ya ulinzi inayomulika mpaka chumbani kwetu. Nikitoka naona nyota za kuhesabu. Nifanyeje?

MwalimuWaAwali

@BabaWawiliTabata kwa mtoto anayeanza, anga la mjini lina nafuu yake. Huku kijijini nyota ni nyingi mpaka mtoto anapotea katikati. Kwenu zinabaki zile kali tu. Antares utaiona hata na taa ya jirani, ilimradi usimame upande ambao nyumba inaikinga hiyo taa.

Umeme ukikatika, badala ya kunung'unika watoeni watoto nje. Anga lote linarudi mara moja.

Kwa Dar mimi ningeanza na Msalaba wa Kusini pamoja na Nge, maana nyota zake ni kali. Saa hiyo hiyo ya saa mbili geukia kusini. Msalaba uko juu kiasi, umeanza kulalia magharibi. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zimeongozana: Alfa Kentauri, ile ya mbali zaidi na Msalaba, na Beta Kentauri, ya karibu. Hizo mbili zishike sana, kwa sababu kulia, chini kidogo, kuna msalaba mwingine, mpana na hafifu, unaowadanganya wengi. Ule wa uongo hauna nyota mbili za kuuelekezea.

Mtoto wa miaka saba na kuendelea mpe kazi: aurefushe ule mti mrefu wa Msalaba kwenda chini, mara nne na nusu ya urefu wake. Hapo palipo na nafasi tupu ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga. Ashushe kidole wima mpaka ardhini, huko ndiko kusini. Wanangu wa darasani (wakubwa kidogo, wanaokuja na wadogo zao) walikwenda kuhakiki na mlango wa kanisa, ambao kila mtu kijijini anajua unaangalia kusini.

MamaNeema88

Dada mwalimu mimi nina swali la aibu. Binti yangu ana miaka minne, kila siku ananiuliza nyota ni nini. Namwambia ni taa za Mungu, ananiuliza nani anaziwasha. Umri huu wanaambiwaje?

MwalimuWaAwali

Wala si la aibu mama Neema. Mwambie: nyota ni jua lililo mbali. Sentensi moja, iache hapo. Ataitafuna siku kadhaa kisha atarudi na la pili, kwa kawaida "mbona halichomi?" Hapo unampeleka kwenye umbali.

Kwa umri wake una bahati. Ile Alfa Kentauri niliyoitaja, mwanga wake unasafiri miaka minne na miezi kadhaa mpaka kutufikia. Mwambie mwanga anaouona leo ulianza safari wakati yeye anazaliwa. Watoto wa miaka minne darasani kwangu wanaiita "nyota yangu", wale wa miaka mitano wamenuna kwamba wamekosa.

Swali la nyota zinakwenda wapi mchana, usijibu kwa maneno. Washa tochi uani saa sita mchana muulize kama anaona mwanga wake. Kisha iwashe chumbani usiku.

MamaNeema88

Jamani nimeipenda hii ya umri. Je, wakubwa nao wana nyota zao? Hapa kuna baba yake miaka 37 na bibi yake tunayekaa naye.

MwalimuWaAwali

Baba ana bahati kabisa. Akitazama kaskazini juu atakuta nyota kali yenye rangi ya chungwa, inaitwa Arcturus. Mwanga wake ni wa miaka 37 hivi. Bibi ana miaka mingapi?

MamaNeema88

Anasema alizaliwa 1946 au 47, kumbukumbu zenyewe za kanisani.

MwalimuWaAwali

Basi mtoeni nje leo leo. Geukieni magharibi. Kuna nyota nyeupe inaitwa Regulus, ndiyo moyo wa Simba, umbali wake ni miaka ya mwanga 79. Mwanga atakaouona uliondoka huko yeye akiwa mtoto mchanga.

Mwenye miaka nane na nusu nyota yake ni Sirius, inayong'aa kuliko zote za usiku, ila kwa sasa inazama mapema. Mwenye 25 ni Vega, ambayo usiku ukikua itachomoza kaskazini mashariki.

Mkweli_Daima

Samahani nitakuwa mkali. Tuna watoto darasa la tatu hawawezi kusoma aya moja, na nyie mnawapeleka kwenye nyota. Haya ni mambo ya wazungu wenye muda.

MwalimuWaAwali

Mkuu, ukali umepokelewa. Mimi ndiye ninayewafundisha hao kusoma, kwa hiyo tuongee. Mtoto wa miaka mitano anayepanga kokoto za Nge anajifunza juu na chini, kushoto na kulia, kubwa na ndogo, kuhesabu mpaka kumi na tano, na kushika umbo kichwani toka jana usiku hadi leo mchana. Asiyeweza kushika umbo kichwani hatofautishi *b* na *d*. Na gharama yake ni kokoto.

Halafu hilo la wazungu, wazee wa pwani wakikusikia watakushangaa.

Mzee_wa_Kae

Nimeitwa nimekuja. Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia baharini. Kabla ya dira za betri nahodha alikuwa akitoka usiku anatazama juu, na mabaharia wadogo tulikuwa tukifundishwa nyota moja moja, kama anavyosema mwalimu, wala si kwa mkupuo. Ya kwanza kwangu ilikuwa Suheli, nyota kali ya kusini, ya pili kwa mwanga baada ya ile Shira wanayoiita Sirius. Mtaiona jioni kuanzia Desemba hadi Aprili.

Ya pili ni Kilimia. Hiki ni kikundi cha nyota ndogo zimesongamana, mwenye macho mazima anahesabu sita, mwenye macho makali zaidi anaongeza. Mtihani mzuri kwa watoto, maana wanatushinda sisi wazee. Na msemo wake mwaujua: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Mwezi Mei kinazama na jua hakionekani. Sasa hivi Juni amkeni saa kumi na moja alfajiri mtazame mashariki, kinatoka. Anayeamka kwa swala atakiona bila taabu.

UstadhChwaka

Mzee umesema kweli. Na hiyo Shira imetajwa ndani ya Qur'ani, Surat An-Najm, aya ya 49. Wanafunzi wangu wa madrasa walikuwa wakiisoma aya hiyo kila siku bila kujua inachozungumzia kiko juu ya paa lao. Kusubiri mwandamo pia ni darasa: wapeni watoto kazi ya kutafuta mwezi magharibi jua likishazama, na si Ramadhani tu, kila mwezi. Watagundua wenyewe kwamba mwezi mwandamo wa kwetu hulala chali, pembe zote mbili zikitazama juu. Kwenye vitabu vya nje wanauchora umesimama.

Mlokole_Asiyechoka

Kilimia na Orioni zimo pia kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, Ayubu 38 na Amosi 5. Sunday school tunazisoma tunapita. Jumapili hii sipiti.

BintiSuri_Maskati

Asalaam alaykum. Mie nipo Maskati, wazazi wangu wa Unguja. Suheli anayoisema mzee, huku ni habari kubwa khasa. Mwishoni mwa Agosti alfajiri inapochomoza, watu hupeana bishara kwamba ukali wa joto unakaribia kuvunjika. Lakini kwetu huku iko chini kusini, hainyanyuki sana; nilipokuja Unguja Januari niliikuta juu mno, sikuitambua mpaka ami yangu aliponionesha. Wanangu wamezaliwa huku, wanaijua Suheli kabla hawajaujua Msalaba wa Kusini.

KevoWaPipeline

Salimieni Nairobi. Mimi nataka kujaribu lakini hapa kwetu Juni na Julai ni mawingu na baridi tu, hata jua lenyewe tunalisikia kwa redio. Tunaishi ploti ya orofa nane, pa kuonea anga ni pale juu kwa paa tunapoanika nguo. Hiyo Nge nitaionea wapi?

MpimaArdhi_Mstaafu

Kijana wa Nairobi, usihangaike na Nge. Wewe una kitu ambacho sisi wengine hatuna, subiri Februari.

Nimefanya kazi ya upimaji zaidi ya nusu ya maisha yangu, na zamani mahali ulipo tulipapata kwa kupima nyota. Kila nyota ina latitudo yake angani, kwa nyuzi, kama miji ilivyo na latitudo ardhini. Nyota ambayo latitudo yake inalingana na ya mji wako, hiyo ndiyo inayopita utosini mwako, wima kabisa.

Sasa chukua Orioni, yule mwindaji ambaye vitabu vingine vinamwita Jabari. Kiunoni ana mshipi wa nyota tatu zilizojipanga sawasawa, hakuna mtoto anayeshindwa kuziona. Ya kwanza ni Mintaka, iko kusini ya ikweta kwa sehemu ya nyuzi moja tu, yaani inapita karibu na utosi wa watu wa Kisumu. Ya katikati ni Alnilam, nyuzi 1.2 kusini. Nairobi ni nyuzi 1.3 kusini. Ya tatu ni Alnitak, nyuzi 1.9 kusini, na Kigali nayo ni 1.9. Mshipi mzima umelala juu ya miji yetu.

Shuka chini ya mshipi, kuna nyota hafifu zinazoning'inia, ndiyo jambia lake. Katikati ya jambia kuna kitu chenye ukungu, ni wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa. Hilo linapita juu ya Pemba na Tanga. Ncha ya jambia inakaribia Dodoma kwa mwalimu wetu. Mguu wake ule mweupe mkali, Rigel, uko nyuzi 8.2, kwa hiyo unapita kati ya Iringa na Mbeya, maeneo ya Mafinga. Na bega lake jekundu, Betelgeuse, liko kaskazini ya ikweta, nyuzi 7.4, huko Sudan Kusini.

Kwa hiyo Kevo, katikati ya Februari, saa mbili na nusu usiku, panda na watoto kwenye paa. Msisimame, mlale chali kwenye mkeka. Ile ya katikati ya mshipi itakuwa juu ya pua ya mtoto. Baada ya hapo fungueni atlasi ya shule na kumtafuta mwindaji kwenye ramani. Wajukuu zangu wamemchora kwa penseli juu ya ramani ya Afrika Mashariki, mama yao akanisema kwamba nawafundisha kuchafua vitabu.

KevoWaPipeline

Mzee, nimesoma hii mara mbili. Yaani Nairobi ina nyota yake! Hiyo nimeweka kwa kalenda. Na mimi niwape yangu: satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru. Ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Watoto wa Malindi wanajua fukwe na maandazi ya mahamri, hii hawaambiwi.

Fundi_Simu_Mwanza

Satelaiti umenikumbusha. Mwanangu kila jioni anaona nyota inatembea, mimi namwambia ndege. Ni ndege kweli?

MwalimuWaAwali

Kama inawaka na kuzima, na ina taa nyekundu, ni ndege. Ikiwa ni nukta moja inayokwenda taratibu bila kupepesa, ni satelaiti. Mara nyingine inafifia na kupotea katikati ya anga kwa sababu imeingia kwenye kivuli cha dunia. Mwambie jua limezama kwako lakini kule juu bado linaipiga. Ikichoma anga kwa sekunde moja na kutoweka, hicho ni kimondo.

@MpimaArdhi_Mstaafu shikamoo mzee. Hilo la atlasi naliiba.

MamaKijacho

Rangi je? Nimesoma Antares nyekundu, Rigel nyeupe. Watoto wa miaka sita wanaweza kuelewa kwa nini?

MwalimuWaAwali

Wanaelewa kuliko sisi, kwa sababu wanashinda jikoni. Waonyeshe mkaa mwekundu na moto wa bluu wa jiko la gesi, wambie wa bluu ndio mkali zaidi. Nyota nazo ni hivyo hivyo: Rigel inakaribia bluu, ina joto kali, Antares na Betelgeuse ni nyekundu, zimepoa kidogo lakini ni majitu. Antares ukiiweka mahali pa jua letu ingeimeza Dunia na Mirihi.

Usianze na rangi lakini. Acha mtoto aseme mwenyewe kwamba ile haifanani na nyingine. Akishasema, ndipo jikoni.

Dalali_Kariakoo

Kuna darubini za plastiki za watoto naziona madukani, zimechorwa sayari pembeni. Ninunue?

MwalimuWaAwali

Hapana. Zinatikisika, kioo chake ni duni, mtoto anaona ukungu anakata tamaa. Kama pesa ipo, tafuta darubini ya macho mawili, imeandikwa 7x50 au 10x50. Kwa hiyo ataona mashimo ya mwezi, na Mshtarii ikiwepo ataona vile vijinukta vinne pembeni yake, miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Egemeza mikono ukutani ili isitetemeke. Na asiielekeze juani kamwe, hata kwa sekunde, macho hayarudi. Ikae kabatini mchana.

Kuna programu ya Stellarium pia, unaiwekea mji wako inakuonyesha anga la kwako. Hiyo ni ya mzazi kujifunza kabla ya kutoka. Ukimpa mtoto, atatazama kioo cha simu.

Mwana_Mbozi

Wa nyanda za juu kusini msisahau kimondo chetu cha Mbozi, mkoa wa Songwe. Chuma kitupu, inakadiriwa tani 12, urefu kama mita tatu. Watoto wanakigusa kwa mikono. Wangu alikipiga konzi, kikalia, akaniuliza kama ndani kuna mtu.

Njiwa_wa_Gothenburg

Nimepita kuwasoma kwa wivu. Huku Sweden Juni giza halifiki kabisa, wanangu wanalala jua likiwa dirishani. Tunasubiri Novemba na makoti. Orioni wa huku amesimama wima kusini. Tulipokuja Tanga Krismasi, mwanangu wa pili alimkuta anachomoza mashariki amelala ubavu, akauliza kama anaumwa.

Jirani_Mbeya

Na nyie mnaokaa uani usiku na watoto mnanyooshea vidole juu, mmewaaga majirani? Mtaani kwetu mngeitiwa mwenyekiti.

MwalimuWaAwali

Waalike hao majirani. Usiku wa kwanza mwenyekiti wetu alikuja kweli kuuliza kuna nini, akaishia kubishana na watoto kama ile ni kucha au mwiba.

MamaNeema88

Mrejesho. Bibi tulimtoa, akaiona Regulus yake, akasema mbona ndogo. Neema "nyota yake" anaijua. Shida ni Nge. Moyo tumeuona, kichwa tumeona, ila Neema anasema Nge wetu hana mkia, na kweli sioni.

MwalimuWaAwali

Mashariki kwenu kuna nini? Nyumba? Miti?

MamaNeema88

Ghorofa la jirani, na mwembe.

MwalimuWaAwali

Basi mkia upo, umejificha nyuma ya ghorofa. Saa mbili ya sasa hivi unakuwa bado chini. Saa nne utauona wote.

MamaNeema88

Saa nne Neema ameshalala zamani.

MwalimuWaAwali

Usimwamshe. Kila siku nyota zinachomoza mapema kuliko jana kwa dakika nne hivi. Kwa mwezi mzima zinajumlika kuwa muda wa saa mbili. Katikati ya Julai, saa yake ile ile ya saa mbili, Nge atakuwa pale ambapo leo anafika saa nne, amevuka ghorofa na mwembe. Kwa sasa mpe chaki, kila Jumamosi usiku asimame pale pale kwenye ngazi, achore ukutani alama ya pingili ya mkia iliyotokeza juu ya paa.

BabaWawiliTabata

Na mimi nina ghorofa la jirani. Nanunua chaki kesho.